Siku Tuliporudisha Kofia ya Jumbe Bomani

Kofia ya jumbe ilikuwa nyekundu, ya kitambaa kizito, na uzi mweusi ukining'inia upande mmoja. Naijua kwa sababu niliibeba mimi, imefungwa ndani ya ngozi ya ndama, kutoka kwetu mlimani mpaka boma la Arusha. Watu wazima sita walikuwa wakitembea mbele yangu na hakuna hata mmoja aliyetaka kuishika.

Ilikuwa wakati wa Mdachi. Mwaka siujui na sitaubuni. Meno yangu mawili ya mbele, ya chini, yalikuwa yameshang'olewa kama desturi yetu ilivyo, na kutahiriwa bado. Basi nilikuwa msichana wa miaka tisa, au kumi. Kusoma nimejifunza ukubwani, darasa la ubatizo, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Asiyependa aache.

Sisi ni Waarusha, upande wa magharibi wa mlima Meru, watu wa migomba na ng'ombe. Maji yetu yalishuka kwa mfereji mmoja uliochimbwa na mababu. Ulianzia kwenye banio huko juu mtoni, ukapita nyumba kumi na nane, na kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kufungua maji. Mvua ndefu zikiisha, mfereji unajaa tope na mawe, na kila nyumba inatoa jembe moja kuusafisha. Iliyotoa jembe ina siku yake ya maji, na ina mdomo mkutanoni. Isiyotoa haina. Sheria ilikuwa hiyo tu, na hata mtoto aliweza kuisema.

Wanaume walichimba, wanawake walipikia wachimbaji. Baba yangu alikuwa amechukuliwa na askari wa boma kubeba mizigo ya kwenda Moshi. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Walisema ni tumbo, alizikwa njiani. Mama yangu, yeyo kwa lugha yetu, akabaki na mimi na mtoto mchanga wa kiume. Kusafisha mfereji kulipofika, yeyo hakulia kwa mtu. Alileta chungu chake cha chakula kama kawaida, akakiweka, akarudi nyumbani, akaja na chungu cha pili. Watu wa rika la baba wakaulizana kile cha pili ni cha nini. Akasema ni jembe la mume wake.

Wakalizungumza jambo hilo mpaka jua likapinda. Mwisho wakakubaliana kwamba chungu cha pili ni jembe. Hivyo siku yetu ya maji ikabaki.

Niseme kidogo jinsi walivyokuwa wakikubaliana, maana nilipenda sana kutazama. Wanaume walikaa kwenye nyasi. Palikuwa na rungu jeusi, fupi, linalong'aa kwa mafuta ya mikono. Aliyelishika ndiye aliyesema, na wengine walinyamaza hata kama alisema upuuzi. Akimaliza analipokea mwingine. Msemaji wao, laigwanani, alikuwa mwenye rungu lile, lakini yeye alisema mwisho kabisa. Nilimuuliza yeyo kwa nini mwenye rungu anangoja namna ile. Akaniambia kwamba angesema kwanza, watu wangejibu lake, na hakuwekwa pale kwa ajili ya lake. Kazi yake ilikuwa kukusanya yaliyosemwa na kuyasema tena mara moja, kwa sauti, watu wote wayatambue kuwa ni yao. Wasipoyatambua, wanaanza upya. Kuna laigwanani mmoja kabla sijazaliwa alipeleka neno lake mwenyewe kwa watu wa Oldonyo Sambu akasema limetoka mkutanoni. Aliporudi, rika lake lote lilisimama mbele yake bila kusema kitu, naye akalitoa rungu. Hakupigwa. Aliendelea kulima na kuchunga kama watu wengine.

Wanawake hawakukaa kwenye nyasi zile. Tulikaa nyuma, karibu na vyungu. Mwanamke mwenye neno alilituma kwa mtu wa rika la mume wake. Hilo nalo nilimuuliza yeyo. Akaniambia nichochee moto.

Sasa, jumbe. Huyu alikuwa mtu wetu, wa rika la baba yangu, na shamba lake lilikuwa chini ya letu, maji yakitoka kwetu yanaingia kwake. Ujanani alizunguka na wafanyabiashara, akajua Kiswahili, na boma lilipotaka mtu wa kupokea amri zao huku juu, likamchukua yeye. Likampa barua ambayo hakuna aliyeweza kuisoma, na kofia ambayo kila mtu aliiona. Kazi yake ilikuwa kupeleka hesabu ya nyumba na kupeleka watu wa kazi. Kwa muda tulimwona kama mvua ya mawe, kitu cha kungoja kipite.

Halafu kiangazi kimoja akaziba mlango wetu wa maji kwa udongo na majani. Siku yetu ilipofika, maji yakapita moja kwa moja kwenda kwake. Yeyo akaenda kumwuliza, nami nyuma yake. Tulimkuta ameketi nje, kofia kichwani, anakula ndizi.

"Shemeji," akasema, "bomani wanahesabu nyumba. Nyumba isiyo na mwanamume haimo. Kitu ambacho hakimo kinakunywaje maji?"

"Migomba yangu imo au haimo?" yeyo akamwuliza.

Akacheka. Akamwambia shemeji yake mwingine, ndugu wa baba, yuko Oldonyo Sambu na ana nafasi. Kule Oldonyo Sambu ni nyuma ya mlima, kukavu, na yule ndugu wa baba alikuwa na wake watatu na maneno mengi. Bila maji shamba letu lingekauka kabla ya mvua fupi, na tungekwenda huko kuwa watu wa kuambiwa lala pale, kula hiki. Hiyo ndiyo ilikuwa mbele yetu. Nilikwenda kuipapasa migomba usiku ule ule? Hapana, nisiseme uongo. Niliipapasa kesho yake asubuhi. Majani yalikuwa yameanza kujikunja.

Yeyo akalituma neno lake kwa mtu mmoja wa rika la baba, mrefu, mpole, ambaye alinusa ugoro kabla ya kila jambo. Mkutano ukaitwa. Jumbe akaja na kigoda chake, akakaa juu yake watu wengine wakiwa kwenye nyasi. Wakamwuliza kama ni boma lililosema maji ya mjane yachukuliwe. Akasema boma limemwachia yeye mambo yote ya huku. Wakamwuliza, nyumba ya mjane ilikosekanaje bomani, wakati mwenye kupeleka hesabu ni yeye? Akasema hesabu ni kazi ngumu. Siku ya kwanza ikaisha. Siku ya pili rungu likazunguka tena, kila mtu akasema, hata mzee mmoja aliyetaka kusimulia habari za ng'ombe wake aliyepotea, wakamwacha asimulie. Mwisho laigwanani akasimama.

"Tumekusikia siku mbili," akamwambia jumbe. "Yote uliyosema ni yako. La kwetu hatukulisikia hata moja. Tupe hicho kitu."

Rika la jumbe likasimama. Hakuna aliyenyoosha mkono. Na jumbe, ambaye alikuwa amezaliwa pale na kunyolewa pale, akaivua kofia kwa mikono yake miwili, akaitoa. Nilimwona. Alikuwa kama mtu anayepiga chafya, jambo linatoka mwilini kabla hajalifikiria.

Watu wakafurahi. Wakamchagua yule mrefu mnusa ugoro awe jumbe mpya. Hakutaka, wakasema ndiyo sababu anafaa. Wakakubaliana kuirudisha kofia bomani kwa heshima, pamoja na kibuyu cha maziwa, na kueleza: mtu mliyetupa tumemjaribu, hafai, kitu chenu hiki hapa, hakikuharibika, na huyu ndiye tuliyemwona anafaa.

Leo msomaji atacheka, na ana haki. Lakini sisi tulijua namna moja tu. Kitu cha kusemea watu kilikuwa cha watu, kinatolewa na kinarudishwa. Hatukujua kwamba kuna kofia zinazoshuka kutoka juu na hazina njia ya kupanda tena. Tulidhani Mdachi atatushukuru.

Tulikwenda saba: laigwanani, wanaume wanne akiwamo yule mrefu, yeyo kwa sababu jambo lilikuwa lake, na mimi. Mtoto mchanga alikuwa mgongoni kwa yeyo. Tulipofika, jumbe wa zamani alikuwa ameshatutangulia, amesimama kando ya ukuta kichwa wazi. Njiani akili ilikuwa imemrudia.

Boma lilikuwa jeupe kiasi cha kuumiza macho. Tuliambiwa tungoje uani, juani. Bwana shauri, yule Mdachi aliyesikiliza kesi, alikuwa barazani nyuma ya meza, anaandika. Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, amevaa kanzu, ana mafua kwa baridi ya kwetu. Maa yake, lugha yetu, ilikuwa ya kuvunjikavunjika lakini alikuwa mtu wa maongezi. Nikamwuliza mkalimani, yule bwana alipewa kofia yake na nani.

"Na gavana, yuko Dar es Salaam."

"Na gavana yeye, alipewa na nani?"

"Na Kaizari. Yuko Ulaya, kwao."

"Na Kaizari alipewa na nani?"

Akafuta pua. "Kaizari alizaliwa nayo."

"Akikosea, wa kumvua ni akina nani?"

Mkalimani akageuka kumtazama bwana shauri, ingawa yule hakujua neno la Maa. Kisha akamwambia yeyo, "Mama, mfundishe mtoto huyu kunyamaza."

"Namfundisha," yeyo akasema. "Lakini mjibu kwanza."

Tukaitwa mbele.

Laigwanani alisema vizuri siku ile. Alianza na salamu, akaeleza mfereji, majembe, chungu cha pili, siku mbili za mkutano. Mkalimani alisikiliza yote, akapenga, akasema maneno matatu au manne ya Kidachi. Bwana shauri akaangalia ngozi ya ndama mikononi mwangu. Nikaifungua. Alipoiona kofia alicheka kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa mchezo. Halafu akaacha kucheka. Akauliza nani aliyeamuru.

Laigwanani akasema tulikubaliana.

Akauliza tena, nani. Akajibiwa sisi. Bwana shauri akapiga meza kwa kiganja, si kwa nguvu, akasema jambo refu. Mkalimani akatugeukia akashusha sauti kama mtu anayetuonea huruma. Akasema tumtaje mtu mmoja. Kila jambo lina mtu aliyelianza. Akipatikana jina, huyo atapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na wengine watakwenda nyumbani kabla ya jua kuzama.

Hapo ndipo wakubwa wangu walipofanya jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka nashindwa kujizuia kutabasamu. Waliomba ruhusa wakazungumze. Wakakaa chini pale pale uani, kwenye vumbi, kwa duara, askari wakiwatazama, na rungu likaanza kuzunguka. Bwana shauri akatoa saa yake mfukoni akaiweka mezani.

Mmoja akasema atajwe yeye, kwa kuwa mgongo wake ni mgumu. Mwingine akasema huo ni uongo, hakulianza. Laigwanani akasema yuko tayari kupigwa, lakini hayuko tayari kusema kwamba lilikuwa neno lake, kwa sababu halikuwa. Wakazunguka, wakazunguka. Rungu likafika kwa yule mrefu, ambaye alikuwa amekaa mbele kabisa ya yeyo, na yeyo akanyoosha mkono juu ya bega lake akalichukua.

Sikuwahi kuona mwanamke amelishika, wala sikuona tena baada ya siku ile.

"Anataka jina," yeyo akasema. "Mpeni majina. Nyumba zote, kuanzia banio mpaka mwisho."

Wakatazamana. Likawaingia. Wakakubali upesi kuliko nilivyowahi kuwaona wakikubali jambo lolote. Lakini yule mrefu akasema, kwa upole wake, kwamba nyumba ya mjane wasiitaje. Ana mtoto mgongoni. Adhabu itakayotoka asiibebe. Na wengine wote wakaguna kwamba ndiyo, huo ni uungwana.

"Msiniache," yeyo akasema. "Mkiniacha hapa, nimeachwa kote."

Akalirudisha rungu.

Basi laigwanani akasimama mbele ya meza, akaanza kutaja, na karani akaandika. Alitaja kwa mpangilio wa maji, kama sisi wote tulivyozoea kuutaja. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya kumi na tatu ikawa yetu. Aliitaja kwa jina la baba yangu, akaongeza, mkewe yupo hapa. Karani akauliza kitu, mkalimani akajibu, kalamu ikakwaruza. Nilikuwa sijui kusoma lakini niliiona kalamu ikienda na kurudi kwa ajili yetu. Ya kumi na nne ilikuwa ya jumbe mwenyewe. Laigwanani hakuiruka. Alimtaja, kwa sababu naye alisimama mkutanoni na kofia aliitoa kwa mikono yake. Mkalimani akageuka kumtazama jumbe ukutani, akakohoa, na hilo sidhani kama alilitafsiri.

Sitasema kwamba tulishinda. Bwana shauri alilisoma karatasi lote, akapumua kwa pua. Akasema, kama msemaji ni msemaji, basi apigwe kwa kusema. Laigwanani akalazwa chini uani na kupigwa hamsa ishirini kwa kiboko, mbele yetu. Yeyo alinigeuza uso wangu mara moja, kisha akaniacha nitazame. Na nyumba zote zilizoandikwa, kila moja itoe mtu wa kubeba mawe ya ukuta wa boma siku kumi. Kofia akapewa jumbe. Aliivaa akitazama miguu yake.

Kurudi nyumbani tulitembea polepole kwa ajili ya laigwanani. Nilimwuliza yeyo kwa nini alitaka tuandikwe, sasa atabeba mawe. Akasema, ngoja.

Alibeba mawe siku kumi, mtoto mgongoni, nami nilibeba yale madogo. Kila asubuhi karani alisimama na karatasi, na jumbe kando yake, kwa kuwa watu walikuwa wa kwake na ni yeye wa kuthibitisha. Karani anasoma nyumba, jumbe anatazama, anasema yupo au hayupo. Siku ya kwanza karani alipofika ya kumi na tatu, jumbe alimtazama yeyo, na yeyo akamtazama yeye. Angesema hayupo angeonekana amepunguza watu wa boma, na boma halikuwa na mchezo na hilo. Akasema, "Yupo."

Siku ya pili akasema yupo. Siku ya tatu watu wenye mawe vichwani walianza kusimama ili wasikie. Ilipofika siku ya tano, yule mrefu alikuwa akiitikia kwa sauti ya chini, "Yupo kweli," na wengine wakicheka ndani ya vifua. Mara kumi, mbele ya watu wote na mbele ya karatasi la Mdachi, jumbe alisema kwa mdomo wake kwamba nyumba yetu imo.

Nimefikiri sana juu ya hili, na sijalimaliza. Wajukuu wananisomea kwenye vitabu vyao kwamba raia ana haki zake na serikali ina wajibu wake, na mimi nakubali, ni maneno mazuri, nami nimepiga kura nilipoitwa. Lakini sisi tuliingia kwenye hesabu ya serikali kwa mlango wa adhabu. Nauliza, ni wangapi wameingia kwa mlango huo? Na kwa nini watu wa mfereji, waliojua kumsikiliza hata mzee wa ng'ombe aliyepotea, hawakumpa mama yangu rungu mpaka alipolichukua? Vitabu havijanijibu. Labda kuna vingine.

Siku ya kumi na moja ilikuwa siku yetu ya maji. Yeyo hakuita mkutano. Alipanda kwenye mlango wetu, na jumbe alikuwa ameshafika, kofia kichwani, jembe mkononi. Alikuwa anang'oa ule udongo mwenyewe.

"Shemeji," akasema bila kuinua macho.

"Umeamka salama," yeyo akasema.

Maji yakaingia, machafu kwanza, yakibeba majani makavu. Nilikimbia nayo kutoka mgomba hadi mgomba, nikifungua na kuziba kwa mguu. Migomba miwili ilikuwa imeshakufa. Mingine ilikunywa. Zamu ya siku yetu iliisha jua lilipokaribia kuzama, na upande wa chini wa shamba letu ulikuwa bado haujajaa. Nilimwomba yeyo tuongeze kidogo, nani angejua.

Yeyo akauziba mlango wetu, akaukanyaga udongo kwa kisigino mpaka ukashika, akanituma nishuke nikamwambie jumbe maji yanakuja kwake.